Kati ya Mradi na Mradi, Kijana Anaishi kwa Nini?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa vijana wa chama hapa Arusha mjini. Wengi mliniomba niiweke kwa maandishi ili muisambaze kwenye magrupu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nimepunguza tu marudio.

Makamanda, salaam! Mwenyekiti, viongozi wa kata mliokaa mbele, mama zetu mlioacha biashara Kilombero mkaja, na nyie wana mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimeisha, asanteni sana.

Nimepewa dakika ishirini. Leo sitazungumzia tume ya uchaguzi wala katiba mpya, ingawa najua ndizo hoja zinazotupandisha mzuka. Nitazungumzia kitu ambacho kinawagusa wengi wenu humu, kisha hakuna anayekisemea jukwaani.

Hebu nyosheni mikono. Nani hapa amefanya kazi ya mkataba ndani ya miaka miwili hii? Ona, nusu ya ukumbi. Nani mkataba ulipoisha alikaa zaidi ya mwezi bila kazi? Karibu wale wale. Sasa nani, katika kipindi hicho cha kukaa, alilipwa chochote na NSSF? Mikono miwili. Mnaona wenyewe.

Mji wetu unaishi kwa miradi. Barabara ya njia nne Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 na kidogo, iliisha. Barabara ya mchepuko, kilomita 42, iliisha. Ule mradi mkubwa wa maji wa mabilioni, mitaro ikafukiwa, watu wakarudi nyumbani. Sasa hivi wana wako Olmoti, wanajenga uwanja wa AFCON ya 2027, uwanja wa watu 30,000. Tunaufurahia, tutaenda kushangilia. Lakini na uwanja nao utaisha. Waliofunga nondo, waliomwaga zege, waliosukuma toroli, siku inayofuata wanakwenda wapi?

Na si ujenzi tu. Nenda Usa River na Tengeru kwenye maua. Kuna miezi wanahitajika watu wengi, oda za Ulaya za kuelekea 14 Februari zinakimbizwa, kisha watu wanapunguzwa. Nenda geti la Momella. Wapagazi na wapishi wanaopanda Mlima Meru hadi Miriakamba na Saddle wanachukuliwa kwa safari, siku tatu au nne, basi. Mvua za Aprili na Mei zikishuka, wageni wanapungua, mizigo hakuna. Hata wale wa makaratasi na kompyuta, miradi ya mashirika inaisha kwa tarehe ya mfadhili. Arusha tunalijua hili kuliko mji mwingine wowote: Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa hapa miaka ishirini, ikafungwa rasmi 31 Desemba 2015. Tarehe ikafika, ofisi zikafungwa.

Nataka mlishike neno moja hapo: tarehe. Kiwanda kinaweza kufilisika ghafla, hakuna aliyejua. Ukosefu wa kazi wa mtu wa mkataba ni tofauti, una tarehe. Umeandikwa kwenye karatasi siku ile ile anayoanza kazi. Mwajiri anaijua tarehe, serikali iliyotoa tenda inaijua, mfuko unaopokea michango unaweza kuijua. Sasa jambo linalojulikana mapema kiasi hicho, kwa nini linamkuta kijana hana hata nauli?

Tuangalie sheria inasema nini. Nasoma sheria, mwaka wa tatu, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Mwaka 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii iliunganishwa. Watumishi wa umma wakaenda PSSSF, sekta binafsi tukabaki NSSF. Mabadiliko yale yale yakaleta kitu kinaitwa fao la kukosa ajira. Kwa ufupi liko hivi. Uwe umechangia si chini ya miezi 18, uwe umepoteza kazi na si kuacha mwenyewe, na uthibitishe kuwa hujapata kazi nyingine. Hapo unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi sita. Kama hujafikisha miezi 18, unalipwa kwa mkupuo nusu ya michango yako.

Nasema kwa haki: ni hatua. Nchi nyingi za jirani hata hilo hawana. Lakini tupige hesabu pamoja, chukueni simu.

Chukua fundi nondo anayelipwa 450,000 kwa mwezi. Kwa kawaida yeye anakatwa asilimia 10, mwajiri anaongeza 10, jumla 90,000 kila mwezi. Akifanya kazi miezi 18 mfululizo, kuna 1,620,000 kwa jina lake. Akikosa kazi analipwa kama 150,000 kwa mwezi, mara sita, ni 900,000. Maana yake ni nini? Anachopokea ni sawa na michango ya miezi kumi tu kati ya hiyo kumi na nane.

Huyo ndiye mwenye bahati. Sasa chukua mwenzake, aliyepata mradi wa miezi saba, kisha akakaa mitano. Michango yake ni 630,000. Nusu yake ni 315,000. Gawanya kwa miezi mitano aliyokaa: 63,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba kimoja Kwa Mrombo, unga, mafuta, daftari la mtoto, vyote vitoke hapo. Na hiyo ni kama mwajiri alipeleka michango, na kama fundi ana karatasi ya kuonyesha kuwa hakuacha kazi mwenyewe. Wangapi saiti wanapewa barua? Jumamosi jioni nyapara anasema "Jumatatu msije", imeisha hiyo.

Mnaona tatizo? Fao hili lilishonwa kwa mtu aliyekuwa na kazi moja ndefu akaipoteza mara moja. Mtu wa mradi hapotezi kazi mara moja. Anaipoteza kila mwaka, wakati mwingine mara mbili kwa mwaka. Hilo koti si la saizi yake.

Halafu kuna namba nyingine ambazo waajiri wanazijua vizuri kuliko sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 35: ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kifungu cha 42: kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, kinaanzia miezi 12 ya kazi mfululizo, tena mwajiri awe ndiye aliyekuachisha. Sasa jiulize kwa nini mikataba mingi mtaani ni ya miezi mitano. Au kumi na moja. Si bahati mbaya hiyo, makamanda. Kuna mtu alikaa na kalenda na kitabu cha sheria.

Lakini msomeni huyo huyo mwenye kitabu, kuna mstari hapendi muuone. Kifungu cha 35 kinasema miezi sita hiyo kwa mwajiri yule yule inahesabiwa hata kama ni kwa mikataba zaidi ya mmoja. Mitatu, ukaongezewa mitatu, ukaongezewa miwili, ni minane. Umeshavuka. Na kifungu cha 36 kinasema ukiwa na matarajio ya haki kwamba mkataba wa muda maalumu utaongezwa, kwa mfano umekuwa ukiongezwa mara kwa mara, kutouongeza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Nitarudi kwenye hili mwishoni, kwa sababu ni silaha mkononi mwako hata kabla sheria haijabadilika.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo baadhi yenu mtanikunjia sura.

Najua mtaani, na humu ndani pia, kilio ni kimoja: fao la kujitoa lirudi. Mtu kazi ikiisha apewe chake chote, akaanzishe biashara. Nakielewa kilio hicho. Mwaka 2012 lilipofutwa kwa marekebisho ya sheria, wafanyakazi wa migodini walipaza sauti nchi nzima ikasikia, na serikali ikalegeza. Mwisho wa 2018 kikokotoo kipya cha pensheni kilipoleta kelele, Rais Magufuli tarehe 28 Desemba akakisimamisha. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba mambo ya mifuko hayabadiliki. Yanabadilika yakipigiwa kelele.

Ila mimi siamini fao la kujitoa ndilo jibu, na nitawaambia kwa nini. Mjomba wangu ni fundi nondo, amefunga nondo tangu mimi sijaanza shule. Kwenye miradi ya zamani, kila kazi ilipoisha alichukua chake chote. Kimoja kililipa ada, kingine kilimtibu bibi, kingine kilinunua bodaboda iliyoibiwa baada ya miezi miwili. Hakuchezea pesa hata siku moja, pesa zote zilienda kwenye njaa ya kati ya mradi na mradi. Leo mgongo umechoka na hawezi tena kuinama juu ya nondo siku nzima. Pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Amefanya kazi zaidi ya miaka 15, lakini kwenye mfuko anasomeka kama kijana aliyeanza juzi. Na kibaya zaidi, kampuni ndogo moja iliyopewa kazi na kampuni kubwa ilimkata mwaka mzima bila kupeleka hata shilingi. Alipofuatilia, ofisi yake ilishahamishwa, na ile kampuni kubwa ikamwambia "sisi hatukukuajiri".

Fao la kujitoa linamwambia fundi: ili uishi leo, ule uzee wako. Fao la sasa linamwambia: kula nusu, na usubiri. Yote mawili yanamlipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Swali ambalo chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kilijibu ni hili: nani mwingine anachangia gharama ya kipindi cha kusubiri? Kwa sababu mkandarasi ananufaika kuwa na mafundi wanaongoja mtaani, akiwaita wanakuja kesho yake. Serikali inanufaika, barabara inajengwa kwa bei nafuu. Anayelipia kungoja ni mmoja tu, na ndiye maskini kuliko wote.

Wapo watakaosema ukimlipa mtu akiwa nyumbani unamfundisha uvivu. Wengine watatuletea Azimio la Arusha, lililopitishwa hapa hapa kwetu mwaka 1967, kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi. Sawa kabisa. Nami nawajibu: mtu aliyebeba zege ghorofani miezi saba si mvivu. Azimio hilo hilo lilipinga unyonyaji pia. Wengi hukumbuka nusu moja wakasahau nyingine.

Na wala hatuoti ndoto. Afrika Kusini wana bima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 2001. Mfanyakazi anachangia asilimia 1, mwajiri asilimia 1, mfuko wake peke yake, haugusi pensheni. Mkataba wa muda maalumu ukiisha, hiyo ni sababu tosha ya kulipwa, imeandikwa kwenye sheria. Siku ulizofanya kazi zinajikusanya kwa jina lako, na unalipwa siku kulingana nazo. Ufaransa, wasanii na mafundi wa filamu na majukwaa, watu wanaoishi kwa mradi hadi mradi kabisa, wanahesabiwa saa: ukifikisha saa 507 ndani ya miezi 12, kwa waajiri wowote, unastahili malipo ya kipindi cha katikati. Sisemi tuige Ufaransa, uchumi wetu si wao. Nataka tuchukue wazo moja tu: wanamhesabu mtu, hawamhesabu mwajiri.

Na sisi tunaweza kujenga mfuko mpya tukiamua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaowalipa wanaoumia kazini, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ulipoanza 2015 kuna waliosema hautawezekana. Upo. Waajiri wanalipa pia tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, inayokokotolewa kwenye mishahara, pamoja na mshahara wa fundi wa mkataba. Sehemu inaenda VETA. Lakini fundi akiwa nyumbani miezi mitano, tozo hiyo inamrudia wapi?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na naomba tawi hili liyabebe hadi juu, yaingie kwenye ilani.

La kwanza: sheria itamke wazi kwamba mkataba wa mradi au wa msimu ukiisha, huko ni kupoteza ajira. Fundi asiombe barua ya hisani. Mkataba wenyewe uwe ushahidi, na mwajiri alazimike kuutaarifu mfuko siku kazi inapoisha.

La pili: tuhesabu miezi kwa mtu, na malipo yalingane nayo. Kwa mfano, kila miezi minne uliyochangia ikupe mwezi mmoja wa fao. Umefanya minane, unalipwa miwili. Ukipata kazi tena unaanza kukusanya tena. Usisubiri 18 ambayo huifikii.

La tatu: hela hiyo isitoke kwenye uzee. Kiwe kifungu chake, kwa mchango mdogo wa pande zote mbili na sehemu ya SDL, na mwanachama akiwa nyumbani apate nafasi ya mafunzo mafupi. Fundi nondo anayejifunza kusoma michoro anarudi saiti na bei nyingine.

La nne: mkandarasi mkuu awajibike kwa michango ya wakandarasi wadogo aliowaleta. Na kwenye miradi ya umma, malipo ya mwisho yasitoke mpaka NSSF ithibitishe kwamba michango ya kila aliyefanya kazi pale imefika. Serikali ndiyo mwenye tenda, hilo halihitaji msaada wa mfadhili. Linahitaji nia.

Haya. Lakini mkataba wako unaisha mwezi ujao, huwezi kungoja ilani. Andikeni haya kwenye simu.

Usiombe mkataba kwa aibu. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri akashindwa kuyaonyesha, kifungu cha 15 kinamtupia yeye mzigo wa kuthibitisha, si wewe. Hata ukiambiwa "wewe ni deiwaka tu" au "wewe umejiajiri", Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, kifungu cha 61, inaangalia hali halisi: kama anakupangia saa, anakusimamia, unatumia vifaa vyake, unadhaniwa kuwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Piga picha kila kitu. Mkataba, kitambulisho cha saiti, daftari la mahudhurio, meseji za nyapara, muamala wa mshahara kwenye simu. Mkataba wa zamani usiutupe, ndio utakaojumlisha miezi yako.

Omba taarifa ya michango yako NSSF mapema. Usisubiri kazi iishe. Ukigundua mwezi wa pili kwamba haipelekwi, mwajiri bado yupo pale na mashine zake. Ukigundua baada ya mwaka, utamkuta mlinzi tu.

Kazi ikiisha, dai cheti cha utumishi, kifungu cha 44 kinakupa haki hiyo, pamoja na mshahara uliobaki na malipo ya likizo unayostahili. Na ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30, si miezi. Madai mengine ni siku 60. Wengi wanapoteza haki zao wakisubiri "bosi alisema ataniita".

La mwisho, ingieni kwenye vyama vya wafanyakazi. Ujenzi na migodi kuna TAMICO, mashambani kuna TPAWU, hotelini kuna CHODAWU. Mtasema vimelala. Basi twendeni tukaviamshe, maana chama cha siasa peke yake hakiwezi kukaa mezani na mwajiri wako.

Nimalizie kwa katiba, ile ile tunayotaka ibadilishwe. Ibara ya 11 inaitaka nchi iweke utaratibu wa haki ya kufanya kazi, na wa msaada kwa mtu aliye mzee, mgonjwa, mlemavu au asiyejiweza. Lakini ibara ya 7 inasema sehemu hiyo haiwezi kudaiwa mahakamani. Yaani ahadi ipo, ila huwezi kuishtaki. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mawakili. Ahadi isiyodaiwa mahakamani inadaiwa na nyie, kwenye kura, kwenye vikao, kwenye kila mkutano ambapo mgombea atakuja kuomba kazi ya miaka mitano. Muulizeni yeye, ambaye naye ni mtu wa mkataba: mkataba wako ukiisha unaondoka na kiinua mgongo. Wetu je?

Nguvu ya umma!